Wapiga debe wanavyojifukuzia kura

Nilikuwa nimeahidi kwamba safari hii tutaendelea na somo la hifadhidata pale tulipoachia. Somo litasubiri. Leo nataka kuzungumza siasa. Najua wengi wenu huja hapa mkiikimbia siasa, lakini nivumilieni kidogo, kwa sababu ndani ya habari hii kuna programu ya kompyuta, na programu hiyo niliiandika mimi.

Wiki jana kijana mmoja aliingia ofisini kwangu hapa Homa Bay mjini. Anamfanyia kazi mtu anayetaka kiti katika uchaguzi wa Agosti 2027. Hata kuketi hajaketi, akaniuliza, "Omera, ile mashine yako ya meseji ya 2017 bado iko?" Nikamwambia iko, ila anipe siku chache. Tangu hapo nimekuwa nikifikiri, na haya ndiyo niliyoyafikiri.

Mwaka 2017 nilikuwa na kompyuta moja na kiburi kingi. Mgombea mmoja wa kiti cha wadi (jina lake na chama chake naviacha) aliniomba nimtengenezee programu ya kutuma SMS kwa watu wengi kwa mpigo. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Kurasa chache za PHP, hifadhidata ya MySQL ya kuweka namba za simu, akaunti ya kununulia SMS kwa jumla, na amri ya kuiamsha programu kila siku alfajiri nikiwa bado nimelala. Siku ya kwanza ilipofanya kazi nilifurahi kama mtoto. Ripoti iliniambia karibu ujumbe wote umefika. Nikampelekea mheshimiwa ile ripoti, naye akafurahi kuliko mimi.

Namba zilitoka wapi? Hapo ndipo aibu inapoanza, maana sikuuliza. Vijana wa kampeni waliniletea madaftari: daftari la chama cha akina mama, orodha ya wanakwaya, na daftari la michango ya matanga. Mimi nikazichapa namba zote, nikaondoa zilizojirudia, basi. Nilijiona fundi.

Ujumbe wa kwanza ulikuwa na adabu. Lakini kadiri kura ilivyokaribia, maneno yakawa makali. Herufi 160 hazina nafasi ya salamu. Siku za mwisho walinipa ujumbe uliosema kwamba atakayechanganya kura ni msaliti wa jamii. Niliusoma, nikahesabu herufi, nikaona zinatosha, nikabonyeza kitufe.

Mwezi mmoja hivi baada ya kura nilikwenda sokoni kununua omena. Mama ninayenunua kwake tangu nikiwa mwanafunzi aliniangalia kwa muda, kisha akasema, "Nyathina, nasikia ni wewe uliyekuwa ukiniamsha."

Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakucheka.

Nieleze kidogo kwa wale wasiotoka huku ziwani. Omena huvuliwa usiku kwa taa, na mashua hurudi ufuoni alfajiri. Mwenye kununua kwa ajili ya kuuza lazima awe tayari saa hiyo. Simu ya mama huyu ikilia gizani, maana yake kwa kawaida ni kwamba mashua imefika na samaki wapo, au hawapo. "Kila ikilia," aliniambia, "naacha niliyo nayo, natafuta miwani, nasoma. Kumbe ninaitwa msaliti."

Nikaanza kujitetea. Nikamwambia, "Mama, mimi niliandika programu tu, maneno yalikuwa ya wengine."

Akasema, "Mimi nilikuwa nimewakubali ninyi. Hamkuwa na haja ya kunitisha. Na namba yangu niliiandika kwenye matanga ya jirani nilipotoa mia mbili. Niliitoa kwa ajili ya marehemu, sikumpa mheshimiwa wako."

Nilimwomba radhi. Alinipimia omena, akaongeza kidogo juu kama kawaida yake. Hakuniambia alimpigia nani kura, na mimi sikuthubutu kuuliza.

Mgombea wetu alishindwa. Sidai kwamba alishindwa kwa sababu ya SMS zangu. Hilo siwezi kulithibitisha, na atakayekuambia anaweza ni mwongo. Ninachokijua ni kwamba palikuwa na mtu aliyekuwa upande wetu, na sisi wenyewe tukamsukuma nje. Ripoti yangu ilimhesabu kama ushindi: ujumbe umefika.

Wenzangu waandishi wa programu mnalielewa hili vizuri. Programu ikigoma kabisa, mteja anapiga simu akifoka na unairekebisha. Lakini programu ikimuudhi mtumiaji kidogo kidogo, hapigi simu. Anaacha tu kuitumia. Kwenye seva yako kila kitu ni kijani, hakuna hitilafu hata moja iliyoandikwa, na watu wanapungua. Anayeondoka kimya haachi ripoti.

Kampeni nazo ni vivyo hivyo. Mpiga debe anawaona wanaocheza mbele ya gari la vipaza sauti. Haoni waliofunga dirisha. Anahesabu waliomshangilia kwenye kundi la WhatsApp, hahesabu waliojitoa kundini usiku. Basi anakwenda kumwambia mheshimiwa kwamba mambo ni moto, na kwa kadiri ya macho yake anasema kweli.

Sasa tuje kwenye siasa zetu za hapa. Kwa nini wapiga debe wa Homa Bay na Migori wamezoea kuamuru kuliko kuomba? Nadhani sababu kubwa ni mchujo. Tangu uchaguzi wa 2007 ODM ndicho chama kikuu katika eneo hili, na mara nyingi aliyepata tiketi ya chama amehesabiwa kuwa ameshapata kiti. Vita vyote vinapiganwa kwenye mchujo. Baada ya hapo, mwenye tiketi haoni sababu ya kumbembeleza mtu. Ndipo unaposikia habari ya suti ya vipande sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa wanawake na mwakilishi wa wadi, wote wa chama kimoja, usiguse kingine. Kuomba suti kamili si kosa. Kila chama duniani kinatamani hivyo. Kosa ni namna inavyoombwa. "Tunakuomba utupe zote sita kwa sababu hizi" ni ombi. "Usipotoa zote sita wewe si wetu" ni tusi, hata kama limesemwa kwa tabasamu.

Na watu husikia tofauti hiyo. Mwaka 2013, katika uchaguzi wa kwanza wa magavana, jirani zetu wa Migori walimchagua Okoth Obado kwa tiketi ya chama cha PDP, wakamwacha mgombea wa ODM, ingawa katika kura ya urais walikuwa na Raila Odinga. Hapa kwetu mwaka 2017 Oyugi Magwanga, aliyekuwa mbunge wa Kasipul, alikosa tiketi ya ODM akasimama kama mgombea wa kujitegemea dhidi ya Gavana Cyprian Awiti. Awiti alitangazwa mshindi kwa tofauti ya takriban kura 21,000, Magwanga akiwa na kura zinazokaribia 190,000. Kesi ikaenda mahakamani. Februari 2018 Mahakama Kuu ikabatilisha ushindi huo, na Februari 2019 Mahakama ya Juu ikaurudisha.

Hebu fikiria kura hizo karibu 190,000. Si za wageni. Ni za shangazi zetu, walimu wetu, na wanaotukata nywele. Mimi nilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp ya pande zote mbili mwaka ule, na mliokuwemo mnakumbuka lugha iliyotumika. Nawafahamu ndugu wawili ambao hadi leo wanasalimiana kwa shida kwa sababu ya maneno waliyoandikiana wakati huo.

Kisha ukaja mwaka 2022. Gladys Wanga akapeperusha bendera ya ODM dhidi ya Evans Kidero, aliyewahi kuwa gavana wa Nairobi na safari hii akisimama kama mgombea wa kujitegemea. Mgombea mwenza wa Wanga alikuwa nani? Oyugi Magwanga! Walishinda kwa kura zaidi ya 244,000 dhidi ya takriban 154,000 za Kidero, na Magwanga akawa naibu gavana.

Simlaumu Magwanga wala simlaumu Wanga. Kwa maoni yangu walifanya jambo la busara, na siasa ni kupatana. Ninachowauliza ni wapiga debe. Yule uliyemwita msaliti mwaka 2017 kwa sababu alimuunga mkono Magwanga, mwaka 2022 ulimwendea na uso gani? Wakubwa wanapatana kwenye hoteli siku moja. Lakini wewe na jirani yako hamna hoteli. Mna kisima kimoja, na meseji zako bado ziko kwenye simu yake.

Tena maneno hayaishii kuwa maneno. Novemba 2025, katika kampeni za uchaguzi mdogo wa Kasipul baada ya mbunge Ong'ondo Were kuuawa kwa risasi Nairobi tarehe 30 Aprili mwaka huo, wafuasi wa pande mbili walikabiliana na watu wakauawa. IEBC iliwatoza wagombea wawili faini ya shilingi milioni moja kila mmoja. Faini hulipwa ikaisha. Waliokufa hawarudi, na siku ya kwenda kuwazika hakuna aliyekumbuka hoja moja ya sera iliyokuwa ikigombewa.

Mtasema haya ni mambo ya Kiafrika. Hapana. Mwaka 2004 gazeti la The Guardian la Uingereza lilibuni jambo lililowafurahisha sana watu wa kompyuta. Marekani ilikuwa inakaribia uchaguzi kati ya George W. Bush na John Kerry, na gazeti likapata orodha ya wapiga kura wa kaunti ya Clark, jimbo la Ohio. Msomaji wa Uingereza aliingia kwenye tovuti, akapewa jina na anwani ya mpiga kura mmoja, kisha akamwandikia barua ya kumshauri. Kitaalamu ilikuwa kazi safi. Lakini watu wa Clark walikasirika. Waliuliza, ninyi ni nani wa kutufundisha kupiga kura, na anwani zetu mmezitoa wapi? Mwaka 2000 Al Gore wa Democratic alikuwa ameshinda kaunti ile kwa kura 324. Mwaka 2004 Bush aliichukua kwa kura zaidi ya 1,600. Barua hazikuwa sababu pekee, bila shaka. Lakini hakuna aliyethubutu kusema zilimsaidia Kerry.

Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka mama wa omena. "Anwani zetu mmezitoa wapi?" Ni swali lake lile lile.

Upande mwingine kuna jambo la kutia moyo. Mwaka 1998, katika mji wa New Haven nchini Marekani, wataalamu wawili wa chuo kikuu cha Yale, Alan Gerber na Donald Green, walifanya jaribio kwa wapiga kura wapatao 30,000. Wengine walitembelewa nyumbani, wengine wakatumiwa barua, wengine wakapigiwa simu, na wengine hawakuguswa ili walinganishwe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Waliotembelewa na kuzungumziwa ana kwa ana ndio walioongezeka zaidi kwenda kupiga kura. Simu za kuwahimiza hazikusaidia kitu. New Haven si Oyugis, najua, na lengo lao lilikuwa kuwatoa watu nyumbani, halikuwa kuwageuza chama. Hata hivyo somo liko wazi. Mtu aliyebisha hodi, akasalimia na kungoja kujibiwa anafanya kazi ambayo mashine yangu haiwezi.

Sisi huku tulilijua hilo kabla ya Yale. Huwezi kuingia boma la mzee ukaanza na shida yako. Unasalimia, unaketishwa, unauliza habari za ng'ombe na za watoto, ndipo unasema kilichokuleta. Sasa tazama wapiga debe kwenye matanga. Msafara unafika umechelewa, ving'ora vinalia, kasisi ananyamazishwa, kipaza sauti kinachukuliwa, mheshimiwa anasema dakika arobaini kuhusu wapinzani wake, na kabla jeneza halijashuka kaburini magari yameshaondoka na vumbi. Mjane anabaki akipangusa viti. Halafu mnashangaa kwa nini ukoo ule haukujitokeza siku ya kura?

Tatizo ni lile lile hata linapovaa nguo za kidijitali. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye eCitizen kuangalia kama wao ni wanachama wa chama chochote, wakakuta wameandikishwa kwenye vyama ambavyo hawajawahi kuviomba. Kuna aliyeandika namba yake ya kitambulisho kwenye daftari la mlinzi mlangoni au kwa wakala wa pesa, na sasa ni mwanachama! Chama kinajisifu kwamba kina wanachama wengi, na wengi hao ndio kwanza wamekasirishwa nacho. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwaje, na haki ya kukataa. Lakini hata bila sheria, kumwandikisha mtu bila kumwuliza ni utovu wa adabu.

Najua mtakayonijibu. La kwanza: siasa ni kelele, watu wanapenda shangwe, ukileta adabu za kanisani utashindwa. Mimi sipingi ngoma. Ngoma ichezwe, vuvuzela ipulizwe. Anayetaka kucheza atacheza. Ninachopinga ni kumtukana asiyecheza. La pili ni zito zaidi: hata mkitukana, chama kikubwa kinashinda hapa, kwa hiyo hasara iko wapi?

Hasara iko kwenye hesabu ya nchi. Mwaka 2022 William Ruto alitangazwa mshindi dhidi ya Raila Odinga kwa tofauti ya kura 233,211. Wakati huo huo, kati ya Wakenya milioni 22 waliojiandikisha, zaidi ya milioni 7 hawakwenda kupiga kura, wakiwemo watu wa ngome zetu hizi hizi. Sidai wote walitukanwa. Wengine walikuwa kazini, wengine wagonjwa, wengine wamechoka na ahadi. Lakini aliyeambiwa "wewe si wetu" wakati wa mchujo wa wadi haendi kupanga foleni saa kumi na moja asubuhi kwa ajili ya mgombea wa urais wa chama hicho hicho. Analala. Na kura ya kulala haionekani kwenye ripoti yoyote.

Raila mwenyewe aliaga dunia tarehe 15 Oktoba 2025. Kwa miaka mingi watu hapa walivumilia mengi kutoka kwa wapiga debe kwa sababu yake. Walimeza tusi la kijana wa wadi wakisema, "Acha tu, ni kwa ajili ya Baba." Mwaka 2027 sababu hiyo haitakuwepo. Kila mgombea atalazimika kuomba kwa jina lake mwenyewe, na nina wasiwasi kwamba wapiga debe wengi hawajui kuomba. Hawajawahi kufundishwa.

Basi turudi kwa yule kijana na mashine yangu. Juzi nilimpigia simu nikamwambia programu iko, lakini kwa masharti manne. Moja, namba yoyote lazima mwenyewe awe ameitoa kwa kampeni hiyo, si kwa matanga, si kwa kwaya. Mbili, kila ujumbe uwe na njia ya kujiondoa bila malipo, na anayejiondoa asitafutwe tena. Tatu, usiku na alfajiri programu inalala. Nne, neno "msaliti" na ndugu zake wote nimeyafungia ndani ya programu yenyewe. Ukiandika, ujumbe hautoki. (Ni mistari michache tu ya msimbo, nitawawekea hapa wakati mwingine kwa wanaotaka kuona.)

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sasa omera, hiyo itasaidia nini kampeni?"

Nikamwambia aanze kwa kwenda sokoni, aketi na akina mama wa omena, asiseme kitu kuhusu mheshimiwa mpaka aulizwe. Akasema atampelekea mkubwa wake jibu langu. Hajarudi bado. Inawezekana ameshapata fundi mwingine asiye na masharti, na mafundi hao hawakosekani.

Wewe unayesoma hapa na unaandika programu, ujue kwamba kabla ya 2027 nawe utajiwa. Watakuja na daftari. Kabla hujachapa namba ya kwanza, uliza ilitoka wapi.

Somo la hifadhidata linaendelea wiki ijayo, Mungu akipenda. Tutaanzia pale pale: namna ya kufuta rekodi ya mtu aliyeomba afutwe, ili isibaki mahali popote.

Kwaherini kwa sasa.